Siku ni Siku, Alisema Mama wa Filimbi

Mimi ni mtu ambaye hakuna kitu kinaweza kumshangaza tena. Niliacha shule darasa la sita. Nilisukuma mkokoteni pale mjini Wote na miguu mitupu, sina hata mtu wa kuniuliza kama nimekula. Nimeona mtu mzima akilia mbele ya dirisha la ofisi fulani kwa sababu ya muhuri, na muhuri huohuo ukapatikana alipotia mkono mfukoni. Leo nina malori matatu, nina duka la simiti na mabati, nina ploti mbili ambazo hakuna mtu ananidai, na wale waliokuwa wakiniita kijana wa mkokoteni sasa wananiita mzee. Kwa hivyo mtu akiniambia kuna jambo pesa haiwezi, mimi humwuliza tu: bei gani?

Kuna mama mmoja huko kwetu, milima ya Kilungu, ambaye kila nilipomwuliza bei alinicheka. Jina lake silitaji, na hata kijijini hakuna aliyelitumia. Tulimwita Mama wa Filimbi, kwa sababu yeye ndiye aliyepuliza filimbi ya mwethya. Kwa asiyejua, mwethya ni watu wa kijiji kukusanyika kulima kwa mmoja wao leo, kwa mwingine wiki ijayo, bila mtu kulipwa. Ukija kwangu na jembe, nami nitakuja kwako na jembe. Mwenye shamba anapika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, watu wanakula, wanaenda zao.

Namwandika kwa sababu ya mama yangu. Mama yangu alikuwa mtu wa mwethya maisha yake yote, na nyumba niliyozaliwa ilisimamishwa na mikono hiyo. Siku moja, akiwa bado na nguvu zake, tukinywa chai, aliniambia, "Mwanangu, mimi nimewapikia wachimba makaburi wa kijiji hiki tangu niolewe. Nikifa, nisizikwe na vibarua. Kibarua akizika, anaangalia saa. Nataka nizikwe na filimbi."

Nikamwambia, "Hilo ni jambo dogo, mama." Mimi huyo.

Mama wa Filimbi alikuwa mfupi, mkavu, mwenye mabega ya mwanamume. Filimbi yake ilikuwa ya shaba, kama ya refa, aliifunga kwa uzi wa katani shingoni, na ilimwachia alama ya kijani kifuani ambayo hata sabuni haikutoa. Kwenye mwethya alibeba kamba ya katani yenye mafundo mawili. Alipima kwa kamba hiyo sehemu ya kila mtu kwenye tuta. Mwalimu mkuu alipimiwa kamba moja. Mlevi aliyetoka kulala mtaroni, kamba moja. Mke wa chifu alipokuja na glavu, alimpimia kamba moja, akamwambia, "Glavu ni zako, udongo ni wetu." Mjamzito na mzee wakapewa kazi ya kukaa. Ukimaliza sehemu yako, huendi kukaa kivulini. Unaingia kwa jirani yako mpaka amalize.

"Siku ni siku," alisema kila mara. "Jua halimwachii mtu kwa sababu amesoma."

Ukikosa siku yako bila sababu, faini ilikuwa siku mbili. Pesa hakuchukua. Kijana mmoja aliyefanya kazi Nairobi alimtumia elfu moja kwa simu badala ya kuja. Mama wa Filimbi akaenda mpaka Tawa, siku ya soko, kwa wakala, kuirudisha, na nauli akatoa mwenyewe. Nilipomwuliza kwa nini ajisumbue hivyo, alisema, "Nikiikubali hii, kesho mwenye nacho atatuma pesa, asiye nacho atatuma mgongo."

Msidhani alikuwa malaika. Tawa hiyohiyo nilimkuta akibishana juu ya nyanya mpaka mwenye nyanya akatoa machozi. Alipanga tena zile za juu, akatoa za chini, akaomba nyongeza, akaomba nyongeza ya nyongeza. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwetu. Nikamtania: "Mwaitu, wewe si ndiye unasema pesa iondoke duniani?"

"Iondoke, ndiyo," alisema, bila kuacha kupekua nyanya. "Lakini bado haijaondoka. Unataka nidhulumiwe nikiwa nangoja?"

Na alipenda soda baridi kuliko mtoto. Na alipenda kupigiwa makofi kanisani. Na alikuwa na sauti ya kuamrisha mpaka mbuzi walisimama.

Kila alipokuja Wote alipitia dukani kwangu, akakaa juu ya mifuko ya simiti, nikampa soda, tukabishana. Wateja wangu walijua, wengine walikuja hasa kusikiliza. Mimi sina masomo lakini ubishi ninao. Nilimwambia, "Mwaitu, mimi bila pesa ningekuwa nani? Ningekuwa bado niko nyuma ya mkokoteni. Pesa ndiyo ilinitoa chini ya watu."

"Ilikutoa chini ya watu, ikakuweka wapi?"

"Juu."

"Juu ya nani?"

Wateja wakacheka. Nikasema, "Si juu ya mtu. Juu tu."

"Hakuna juu tu," alisema. "Juu ni lazima pawe na kichwa cha mtu."

Siku nyingine nikamshika vizuri. Nikamwambia hata zamani, kabla ya hizi noti, kulikuwa na mwenye ng'ombe mia na asiye na hata mbuzi, na asiye na mbuzi alikuwa akisimama pembeni mkutanoni. Nilijua nimeshinda. Yeye akazungusha chupa ya soda mkononi.

"Ni kweli," akasema. "Babu yangu alikuwa wa kusimama pembeni. Mimi sijasema zamani. Mimi nimesema mbele."

"Mbele wapi? Lini?"

"Sijui. Nikijua si ningekuambia?" Halafu akaniangalia kwa jicho moja. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umekuwa mgeni kwetu miaka mingapi?"

Wateja walifurahi mpaka mmoja akasahau chenji yake.

Nilimpata mara moja tu, na sikufurahi nilivyodhani. Nilimwambia, "Unasema hakuna mkubwa, na filimbi iko shingoni mwako. Si wewe ndiye mkubwa?"

Alienda nyumbani, na mwethya iliyofuata akaivua filimbi mbele ya watu, akasema kuanzia siku hiyo itazunguka, kila mwezi mtu wake. Mama yangu ndiye alinisimulia. Wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu. Alipuliza, watu wakamwangalia Mama wa Filimbi kwanza kabla ya kuinua jembe. Wa pili alikuwa jirani yetu mwenye maparachichi. Alijipimia kamba fupi. Wa tatu alikuwa yule mlevi, na ndiye aliyekuwa afadhali, lakini hakuna aliyemtii. Mwezi wa nne walienda kumrudishia kama sufuria iliyoazimwa. Mama yangu alisema aliipokea, akaiangalia sana, akawauliza, "Kwa hivyo hamtaki kuwa sawa? Mnataka tu mkubwa mwenye roho nzuri?"

Wakasema, "Ndiyo, mwaitu."

Akaivaa.

Sasa nifike kwa kosa langu. Sikulifanya kwa ubaya. Nilikuwa nimenunua lori la pili, na wiki hiyo zamu ya mwethya ilikuwa kwa mama yangu. Matuta ya shamba lake yalikuwa yamebomolewa na mvua. Nilipanda mlima na gari, shati jeupe, nikawakuta watu thelathini na wawili wanatupa udongo juu, jua linachoma, na Mama wa Filimbi anaimba huku watu wanaitikia. Nilisimama nikaona uchungu. Hawa walinisimamishia nyumba nikiwa mtoto. Walimlimia mama yangu nilipokuwa sina kitu cha kutuma. Na mimi sasa ninacho.

Walipopuliziwa mwisho, niliteremka kwenye tuta na bahasha, nikaanza kugawa. Mia tatu kila mtu. Bei ya kibarua wakati huo ilikuwa mia mbili, mimi nikaweka mia moja juu.

Kwanza walirudi nyuma. Mzee wa kanisa akasema, "Hapana, mwanangu, hii ni mwethya." Nikamwekea mfukoni mwa koti. Akasema "hapana" tena, lakini mkono wake ulikuwa umeshafunika mfuko. Baada ya hapo ilikuwa rahisi. Wengine waliniombea baraka. Mama mmoja alilia, akasema hajashika noti tangu shule zifunguliwe. Nilijisikia mtu mkubwa siku hiyo, siwezi kudanganya.

Nikafika kwa Mama wa Filimbi.

"Hii ni nini?"

"Asante tu, mwaitu. Watu wameteseka na jua."

"Nani amekuomba asante?"

"Wacha basi niwanunulie sukari."

Alichukua ile mia tatu na vidole viwili, akainama, akaiweka kwenye ukingo wa tuta, akaweka jiwe juu yake isipeperuke. Akakung'uta jembe lake, akaenda. Muthokoi hakula.

Mimi siachi pesa chini ya jiwe. Watu walipoondoka niliitoa, nikairudisha mfukoni, nikasahau.

Wiki iliyofuata zamu ilikuwa kwa mjane mmoja wa chini karibu na kijito. Walikuja watu, wakasimama na majembe, hakuna aliyeanza. Mmoja akauliza, kwa utani, "Leo ni ngapi?" Wote wakacheka. Lakini wiki iliyofuata waliokuja walikuwa kumi na tisa. Kisha kumi na moja. Kwa nini umlimie mjane bure, na kwa mama wa tajiri unalipwa? Na kwa nini ulime kwa mama wa tajiri kwa mia tatu, na bei ya kibarua imeshapanda? Waliingia hesabuni, na ukiingia hesabuni hutoki.

Nilijaribu kurekebisha. Nataka mtu anayesoma hapa ajue nilijaribu. Nilisimama kanisani nikasema nilikosea. Watu wakasema, "Hapana mzee, hukukosea." Nikaahidi fahali kwa mwethya wakirudi wote. Walirudi, zaidi ya sitini, wengine siwajui. Wakachimba kidogo, wakala fahali, wakaenda zao. Mama wa Filimbi alinitazama nikimwagiza mchinjaji, akasema, "Unazima moto na petroli, na unamwaga vizuri sana."

Basi nikaenda mwenyewe. Nikanunua jembe, nikavaa gambuti, nikafika asubuhi zamu ya mwalimu. Walikuwa tisa. Mama wa Filimbi akanipimia kamba yangu, fundo hadi fundo, na nilimwona anazuia kicheko, na ilikuwa ni furaha, si dharau. Nikainua jembe. Kabla sijapiga mara ya tatu, kijana mmoja akaushika mpini.

"Mzee, wacha. Utaumia mgongo."

"Niache nichimbe."

"Hapana mzee, haiwezekani. Sisi tuko." Na wawili wengine wakaingia kwenye kamba yangu, wakaimaliza wakati nimesimama na mikono mitupu. Kisha yule wa kwanza akanisogelea, akaniuliza polepole kama kwenye lori hakuna nafasi ya kazi kwa ndugu yake.

Mama wa Filimbi aliona yote. Akapuliza filimbi, saa tatu asubuhi, tuta halijafika nusu. "Endeni nyumbani," akasema. Akanikuta nikivua gambuti.

"Nifanye nini basi, mwaitu? Nikitoa pesa, ni kosa. Nikija na jembe, wananinyang'anya."

Alikunja kamba yake kwenye kiwiko, fundo juu ya fundo. "Sijui, mwanangu," akasema. "Nilifikiri jembe lingetosha."

Baada ya hapo nilikuwa nikienda kwa mama yangu Jumapili, na siku nyingine nikilala mpaka siku ya mwethya. Asubuhi ninasikia filimbi kwenye mgongo wa mlima. Inalia. Inanyamaza. Inalia tena, kwa muda mrefu zaidi. Mama yangu, ambaye magoti yalikuwa yameshamkataa, alikuwa akigeuza kichwa kuelekea mlangoni kila ikilia. Hakuwahi kunilaumu. Aliuliza tu, "Umewaona wangapi wakipita?"

Nilikuwa nikisema wengi.

Mama alikufa mwaka huu, wakati wa kuvuna mbaazi. Jeneza nilinunua la bei, gari la kumleta la bei, hema, viti, vipaza sauti. Hayo yote yalikuwa rahisi. Jioni ya kabla ya mazishi nikateremka kwa Mama wa Filimbi peke yangu.

Nilimkuta mlangoni amekaa juu ya mtungi wa plastiki uliolazwa, miguu imevimba, anapukuchua mbaazi kwenye ungo. Alikuwa amepungua mpaka filimbi ilionekana kubwa. Alisema pole, akamtaja mama yangu kwa utani wao wa usichana ambao sitaurudia hapa, tukacheka, halafu akafuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Nimekuja kuomba," nikasema. "Alitaka filimbi."

"Najua. Aliniambia kabla hajakuambia wewe."

"Watakuja?"

"Nitapuliza. Kuja ni kwao."

"Mwaitu, niambie ukweli. Watakuja?"

Akapeperusha maganda. "Mama yako aliwapikia baba zao. Kama kuna siku ya kuja, ni kesho."

Asubuhi alipanda ule mgongo wa mlima na fimbo, akipumzika kila hatua kumi. Nilitaka kumpandisha na gari, akakataa. Akapuliza. Tulisimama. Akapuliza mara ya pili. Na mimi, mtu mzima mwenye malori matatu, nilikuwa nikiomba Mungu kama mtoto aliyefukuzwa shule.

Wakaja. Vijana kumi na wawili, majembe na koleo mabegani, kutoka njia tofauti za mlima. Sikuwalipia gari, sikuwapigia simu. Nilimwangalia, naye alikuwa akitabasamu na meno yake manne. Alipima kaburi kwa kamba yake, fundo hadi fundo. Wakachimba. Udongo wa kwetu ni mwekundu, juu mgumu, chini laini. Alianza ule wimbo, wakaitikia, na mmoja aliyekuwa ndani ya shimo alikuwa na sauti nzuri kweli. Niliingia jikoni nikawaambia wamama wapakue muthokoi mapema. Nilikuwa na furaha siku ya kumzika mama yangu. Nilijiambia: kumbe bado iko.

Saa tano kaburi lilikuwa tayari. Akapuliza mwisho.

Hakuna aliyeenda kunawa mikono. Walisimama mstari mmoja, wakajiegemeza kwenye majembe. Yule mwenye sauti nzuri akatoka mbele, akavua kofia.

"Mzee, pole sana kwa mama. Alikuwa mama yetu sote."

"Asanteni sana, wanangu."

"Sasa tuangalie maneno ya vijana."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa. "Ngapi?"

"Elfu kila mtu. Kaburi si tuta, mzee. Na wewe ndiye ulituonyesha, kazi ni kazi."

Alisema kwa heshima. Hakukuwa na ubaya usoni mwake. Nilimgeukia Mama wa Filimbi, nikingoja awapigie kelele, awafukuze, apulize, awapimie faini ya siku mbili. Alikuwa akiangalia ile filimbi mkononi kama kitu ameokota njiani. Watu walikuwa wanangoja, jeneza liko chini ya hema, mhubiri anaangalia saa. Nikatoa noti. Nikawahesabia mmoja mmoja, na kila mmoja akasema asante mzee, pole mzee.

Walipoenda kula, yeye alibaki karibu na shimo. Nikasimama naye. Nilifikiri atanilaumu, na nilitaka anilaumu.

"Ile mia tatu yangu," akasema. "Ya chini ya jiwe. Uliichukua?"

Nikasema ndiyo, niliichukua.

"Nipe."

"Mwaitu..."

"Dawa ya presha iliisha Jumatatu. Nipe."

Nikatoa elfu tano. Nikaongeza. Nikasema chukua zote, chukua na hizi, nitakuwa nikikutumia kila mwezi. Alizitazama noti kwenye kiganja changu, akachagua noti moja ya mia mbili na moja ya mia, akasukuma zingine kwangu.

"Hiyo ndiyo niliyofanyia kazi," akasema. "Siku ni siku."

Akazifunga kwenye pindo la leso yake, akaketi kwenye lundo la udongo, akangoja mwenzake aletwe.

Jeneza sihesabu, wala hema, wala vipaza sauti. Hivyo nilinunua dukani. Kumfikisha mama yangu ardhini kwa mikono ya kijiji chake kulinigharimu shilingi elfu kumi na mbili na mia tatu.